Maharagwe Mia Moja na Manane

Siku ya kwanza Kashiben alipovua viatu kwa ajili ya mguu wa Wanja, hakumwambia mtu yeyote. Alifunga duka lake saa kumi kasoro, akachota maharagwe kwenye gunia, akayahesabu juu ya kaunta mpaka yakatimia mia moja na manane, kisha akavuka uchochoro akiwa na sahani ya bati mkononi. Hekalu lilikuwa nyuma tu ya maduka, jengo dogo la mawe lenye njia ya saruji pande zote nne. Bibi huyo alikuwa na miaka sabini na mbili na magoti yasiyofaa kitu. Aliiweka sahani kwenye ngazi, kando yake kopo tupu la mafuta ya kupikia, akaanza kuzunguka polepole, mkono wake wa kulia ukielekea ukutani. Kila alipoirudia ngazi aliinama, akatoa haragwe moja kwenye sahani na kulitia koponi.

Wahindi wenyewe huuita mzunguko huo pradakshina. Unamweka Mungu katikati, upande wako wa kulia, nawe unamzunguka. Wengi wakija hekaluni huzunguka mara tatu, nne, wakaenda zao nyumbani kula. Mara mia moja na nane ni jambo jingine kabisa, na watu wanaolifanya siku moja husimuliwa mwaka mzima.

Rwamba, mama yake Wanja, aligundua siku ya tatu. Yeye ndiye aliyekuwa akifagia hekalu hilo kwa mwaka wa kumi na moja sasa, Mkristo wa kuzaliwa, na asubuhi hiyo fagio lake lilikokota haragwe moja lililokuwa limedondoka chini ya ngazi. Alilichukua mpaka dukani.

"Mama, hii haragwe ni ya nini?"

Kashiben alikuwa akipima sukari. "Ni ya Wanja."

"Ya Wanja namna gani?"

"Daktari alisema wiki ngapi?"

"Sita. Wiki sita ya sindano, halafu wapige picha. Mfupa ikiwa bado inaoza, wanakata." Rwamba akaonyesha kwa kiganja mahali penyewe, juu ya goti. Alikuwa amewaonyesha watu wengi mahali hapo.

"Basi mimi nimesema siku arobaini. Kila siku mia moja na nane." Kashiben akafunga karatasi ya sukari. "Mtu akiomba mguu, analipa na mguu."

Mtu akikuletea kuku, au akikupalilia shamba ukiwa mgonjwa, maneno yapo, uliyafundishwa na mama yako. Kwa jambo hili hakuna aliyemfundisha Rwamba. Alisimama pale na haragwe lake, halafu akarudi kufagia.

Embu haukuwa mji wa kuficha jambo kwa wiki tatu. Ukuta wa hekalu ulifika kiunoni tu, na uchochoro ule ndio uliokuwa njia ya mkato ya kwenda sokoni. Kila mwanamke aliyepita na kikapu cha ndizi alimwona bibi wa Kihindi akizunguka bila viatu, na mwenye masikio alisikia jina la Wanja likitajwa katikati ya maneno mageni. Ilikuwa ule mwaka kahawa ilipoanza kupata bei nzuri, watu walikuwa na furaha, na watu wenye furaha husengenya kwa bidii zaidi.

Jumapili ya tatu, baada ya ibada, mwinjilisti Njoka alimwita Rwamba katika chumba cha nyuma. Njoka hakuwa mtu mbaya. Kila Jumatano alipanda baiskeli yake mpaka hospitalini kumwombea Wanja, mvua ikinyesha au isinyeshe, na msichana huyo wa miaka kumi na sita alimpenda kwa sababu hakuwahi kumwonea huruma. Lakini sheria kwake ilikuwa sheria.

"Mama Wanja, nimesikia maneno."

"Maneno gani, Mwinjilisti?"

"Yule mama Mhindi. Anazunguka miungu yake na anataja mtoto wa kanisa."

"Anazunguka yeye, si mimi."

"Lakini mtoto ni wako. Mwambie aache, ataacha."

"Waisraeli si walizunguka Yeriko siku saba?"

"Hao waliambiwa na Mungu."

"Na huyu tunajua ameambiwa na nani?"

Njoka alikohoa. Hakuzoea kujibiwa hivyo na mama ambaye kwa miaka sita ndiye aliyefua na kupiga pasi vitambaa vya madhabahu, bila hata siku moja kuviunguza kwa pasi ya makaa. Akatazama chini.

"Mpaka hiyo maneno iishe, vitambaa ataosha Mama Runji. Si mimi, ni kamati. Na Jumatano nitaenda kwa Wanja kama kawaida."

Rwamba alivitoa vitambaa kwenye mfuko wake. Alikuwa tayari ameshavikunja kupeleka nyumbani. Alipotoka nje, akina mama waliokuwa wakizungumza mlangoni wakanyamaza, mmoja akamsalimia kwa sauti ya juu mno. Aliona aibu, na hakuna haja ya kulipamba neno hilo.

Mumewe Ndwiga naye alipata yake. Alikuwa tarishi wa kaunsili, mtu mpole, mrefu, mwenye suti ya kaki iliyofifia mabegani. Jumatatu hiyo karani mmoja aliweka faili kichwani akakizunguka kiti cha Ndwiga mara tatu, akiimba kwa lugha aliyoitunga mwenyewe. Ofisi nzima ilicheka. Ndwiga alicheka nao, kwa sababu tarishi asiyecheka na makarani hutumwa mbali.

Jioni alikataa chai. "Umwambie yule mama aache," alimwambia mkewe.

"Mwambie wewe."

"Wewe ndiye unafanya kazi kwao."

"Na wewe ndiye baba." Rwamba aliketi. "Sikia, Ndwiga. Nikimwambia aache, halafu huo mguu ukatwe, nitajiambia nini mimi? Nisipomwambia na ukatwe, kanisa itaniambia nini? Mimi nimeshindwa. Enda wewe."

Ndwiga hakulala vizuri siku hiyo, wala iliyofuata.

Alienda Jumatano, siku ya ishirini na mbili, baada tu ya kutoka kazini. Njiani aliyapanga maneno yake. Angeanza kwa kumshukuru, kisha angetaja kanisa, kisha angesema pole. Kashiben alipomwona akiingia langoni aliinua kidole kimoja, ishara kwamba asubiri, hazungumzi akitembea. Ndwiga akaketi kwenye ngazi karibu na sahani.

Bibi alipita. Miguu yake ilikuwa imevimba kuzunguka vifundo, visigino vimepasuka, na kidole gumba kimoja kilifungwa kitambaa. Midomo ilicheza. Ndwiga hakuelewa hata neno, mpaka alipomsikia akisema Wanja, waziwazi, kwa matamshi ya Kiembu kabisa, jinsi mama yake Ndwiga mwenyewe alivyokuwa akilitamka jina hilo. Kashiben alikata kona, akapotea nyuma ya hekalu. Ilisikika miguu tu, mmoja ukiwa mzito kuliko mwingine. Ndwiga akajikuta anaingoja itokee upande wa pili, na ilipotokea akashusha pumzi.

Raundi ya sita tangu afike, bibi aliinama kuchukua haragwe, na goti likakataa kunyooka. Alibaki hivyo, mkono mmoja kwenye ngazi, akipumua. Ndwiga aliinuka, akachukua haragwe akalitia koponi. Kashiben alimtazama, akatikisa kichwa kidogo kama shukrani, akaendelea. Mara iliyofuata hakuinama.

Sahani ilikwisha saa kumi na mbili kasoro. Bibi aliketi kando yake akijipangusa uso kwa ncha ya sari.

"Ulikuwa unataka kusema kitu, Baba Wanja?"

"Hapana, Mama," alisema Ndwiga. "Nilikuwa napita tu."

Kesho yake alipita tena.

Nyumbani alimwambia mkewe kwamba mambo bado anayaangalia. Rwamba hakuuliza zaidi. Saa za jioni ndizo za kumwona mgonjwa, naye alikuwa kitandani kwa Wanja kila siku kuanzia saa kumi, akimkanda mguu mzima na kuusimulia ule mgonjwa mambo ya nyumbani, kwa sababu Wanja alisema mguu huo umechoka kusikia habari za sindano. Ndwiga alifika baadaye, karibu na kengele ya kufukuza wageni, na siku zote alikuwa ametulia kuliko alivyoondoka asubuhi.

Mvua za masika zikaingia. Saruji ikawa na utelezi wa kijani kwenye kona, na Kashiben aliendelea kuzunguka na mwavuli. Siku ya ishirini na tano Ndwiga aliona tone la damu mahali kisigino kilipokanyaga, halafu jingine. Alimtazama bibi akipinda kona. Akachukua maharagwe mawili. Moja alilitia koponi. La pili alilitia mfukoni mwa koti lake la mvua.

Mtu mwema akianza kuiba huiba vitu vya ajabu. Ndwiga, ambaye hakuwahi kuchukua hata kalamu ya kaunsili, aliiba maharagwe kumi na tano siku hiyo, kesho yake kumi na nane, na baadaye ishirini na zaidi. Alijiambia kwamba Mungu wa Wahindi, kama yupo, ni mzee pia na haoni vizuri jioni. Alijiambia kwamba angekuwa mama yake mzazi, asingemwacha atembee hivyo. Sahani ilikuwa ikiisha mapema, bibi aliketi mapema, na Ndwiga alikwenda hospitalini na mfuko mzito na moyo mwepesi. Hakumwambia mkewe.

Siku ya thelathini na sita, Jumatano, jirani wa duka la vitambaa alisikia sauti hekaluni. Ilikuwa imeshakaribia saa moja, mvua inanyesha. Alimkuta Kashiben amelala kwenye kona ya tatu, mwavuli umeruka, kifundo cha mguu kimekuwa kama kiazi kikuu.

Mwanawe Kirit, mwenye duka la vipuri Nairobi, alifika na gari Alhamisi kabla ya adhuhuri. Alikuwa amemsihi mama yake mwaka mzima ahamie kwake. Familia za Kihindi zilizobaki Embu zilihesabika kwa vidole, kuhani wao, pujari, alikuja mara moja kwa mwezi, na duka halikuwa na mteja isipokuwa wazee waliokuja kuongea Kiembu. Safari hii hakusihi. Masanduku mawili yalikuwa tayari mlangoni.

Rwamba alisimama kando ya kitanda katika chumba cha nyuma ya duka. Daktari alikuwa amesema mfupa haukuvunjika, ni mishipa, lakini asikanyagie mguu huo wiki tatu.

"Mmefurahi?" Kirit alimwambia. "Mtamuua mama yangu kwa sababu ya mguu ya mtoto wenu."

Usiku kucha Rwamba alikuwa akijiambia maneno hayohayo.

Hapo ndipo Ndwiga alipoingia, saa yake ya chakula, koti la mvua likidondosha maji. Kirit alimgeukia.

"Wewe ndiye unakaa na yeye huko. Nieleze. Saa moja ya jioni, mvua, mama anafanya nini nje?"

"Si alikuwa amemaliza?" Ndwiga alisema. "Alimaliza saa kumi na moja na nusu. Mimi mwenyewe nilimwacha ameketi."

"Sasa alikuwa anazunguka nini?"

Ndwiga alimtazama bibi. Bibi alitazama dirishani. Polepole Ndwiga aliingiza mkono mfukoni, akatoa konzi ya maharagwe, akayaweka kwenye blanketi. Akatoa nyingine, na nyingine tena, mpaka palikuwa na kilima kidogo juu ya magoti ya Kashiben.

"Nilikuwa naweka mawili," alisema. "Moja kwa kopo, moja kwa mfuko. Siku kumi na mbili. Nilikuona unatoka damu, Mama. Sikuweza kuangalia."

Rwamba alishika mdomo. Ni Kashiben aliyezungumza kwanza, na hakuwa na hasira.

"Baba Wanja, mimi nauza maharagwe miaka arobaini na sita. Nikishika kopo najua limepungukiwa kumi. Wewe ulifikiri sitajua?"

"Ulijua?"

"Siku ya kwanza."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa unanihurumia. Mtu akikupa kitu na roho yake, unamrudishia? Nilichukua." Alianza kuyakusanya maharagwe, moja moja. "Halafu wewe ukienda hospitali, mimi narudi, nazunguka zile umeiba. Mungu sikumwambia themanini. Nilimwambia mia moja na nane."

Ndwiga aliketi sakafuni, pale pale, na koti lake lililolowa, akainamisha kichwa. Alikuwa amejisifu moyoni siku kumi na mbili. Kumbe kila haragwe aliloliiba kwa huruma bibi alilitembea gizani peke yake, kwa miguu ileile iliyokuwa ikitoka damu, ili yeye Ndwiga asiaibike. Hata Kirit, ambaye alikuwa na haki ya kukasirika, alimtazama mama yake kwa namna nyingine, na ikamlazimu kuvua miwani na kuifuta.

"Jana zilibaki tano," alisema Kashiben. "Na siku nne."

"Mama, huwezi kusimama," alisema Kirit.

"Kule kwetu kuna mlima, Girnar. Nilizunguka na mama yangu nikiwa mdogo, siku nne, watu wote wanalala msituni. Wazee hawawezi kutembea. Wanabebwa kwa kiti, na Mungu hakatai."

"Hapa utabebwa na nani?"

Ndwiga aliinuka. Alitoka bila kuaga, na Rwamba alidhani amekimbia aibu yake. Aliporudi ilikuwa imeshapita saa moja nzima, saa ya kazi, na alikuwa akisukuma wilbaro ya Mbogo, fundi wa mawe. Alikuwa ameikwangua saruji yote, akaiosha, akatandika magunia mawili na juu yake blanketi la kitandani kwao.

Alivua viatu vya tarishi langoni mwa hekalu akavipanga pamoja. Rwamba aliketi kwenye ngazi na sahani. Kirit, baada ya kusema kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa Kigujarati kwamba huu ni wazimu, alimbeba mama yake na kumweka juu ya blanketi.

"Kwanza zile tano," alisema Kashiben.

Kumsukuma mtu mzima kwenye wilbaro mara mia moja na nane si mchezo, hata kama mtu mwenyewe ni mwepesi. Kufika raundi ya thelathini mikono ya Ndwiga ilikuwa inaungua. Kufika ya sitini alikuwa hasikii mikono. Kwenye kona ya tatu palikuwa na mfereji wa maji, na kila mara ilibidi ainue gurudumu ili bibi asitikisike. Rwamba hakumhurumia. Alitia haragwe moja kila raundi, na alipoona mumewe anayumba alisema tu, "Hamsini na mbili. Endelea." Ni wakati huo, akimwona anapita na suti yake ya kaki imelowa mgongoni, alipokumbuka kwa nini alikubali kuolewa naye.

Ijumaa na Jumamosi walifanya vivyo hivyo. Jumapili walianza saa nne, maana Kirit alitaka kuwa barabarani kabla ya jua kupungua. Wilbaro ilikuwa kwenye raundi ya tisini na moja kanisa lilipotoka. Watu walikuja kwa njia ya mkato na mavazi yao ya ibada, wakasimama ukutani. Karani wa faili alikuwepo na mkewe. Mama Runji alikuwepo. Hakuna aliyecheka, maana ni vigumu kumcheka mtu anayefanya kazi nzito kiasi kile bila kuinua macho.

Kwenye kona ya tatu gurudumu likazama. Ndwiga alisukuma, likakataa. Mwinjilisti Njoka alikuwa ameegemeza baiskeli yake ukutani.

"Ndwiga," aliita. "Hiyo gurudumu haina upepo."

"Naona, Mwinjilisti."

"Lete hapa kwa lango."

"Haiwezi kutoka. Tuko katikati ya raundi."

Njoka alitazama baiskeli. Alimtazama bibi kwenye blanketi, mikono yake imekunjwa kifuani, ametulia kama aliyeketi kwenye kiti cha mbele kanisani. Akaitazama kamati, iliyokuwepo karibu yote. Kisha akachomoa pampu.

"Naweka upepo tu," aliutangazia ukuta mzima.

Langoni aliviona viatu vya Ndwiga. Akasita, akavua vyake. Alikuwa ameanza kwenda kulia, ndiko kulikokuwa karibu, Rwamba alipomzuia.

"Si huko, Mwinjilisti. Upande huu."

Njoka akageuka, akaenda kwa upande ule, ukuta wa hekalu mkono wake wa kulia, soksi zikilowa. Alijipenyeza kando ya wilbaro mpaka mbele kwenye gurudumu, akalijaza upepo kwa pumzi ndefu, mtu mwenye kujua kazi yake. "Asante, Baba," alisema Kashiben. Njoka akaitikia kwa kichwa. Wilbaro ilikuwa imeziba njia nyuma yake, basi ili arudi langoni ilimbidi aendelee mbele, kona ya nne, mpaka kwenye ngazi. Raundi nzima. Rwamba hakumtilia haragwe, lakini aliona, na mwinjilisti aliona kwamba ameona.

"Tisini na moja," alisema Rwamba wilbaro ilipofika.

Haragwe la mwisho lilipoingia koponi, Kashiben aliomba kopo lenyewe. Alilipima mkononi, akafumba macho, akaridhika. "Sasa ni sawa." Akamkabidhi Rwamba, pamoja na yale yote ya mfukoni. "Mpikie Wanja. Yametembea sana haya, yatakuwa na nguvu."

Gari liliondoka saa nane. Kashiben alikataa kuaga kwa machozi, akasema Nairobi si London.

Picha ilipigwa Jumanne. Daktari aliishika mbele ya dirisha kwa muda mrefu, na Rwamba alishika chuma cha kitanda. Mfupa ulikuwa umetulia. Mguu utabaki mfupi kidogo kuliko mwenzake, alisema, atachechemea, lakini ni wake na hakuna atakayeukata. Daktari alisema ni dawa, na ni kweli zilikuwa dawa kali. Njoka alisema ni maombi, naye pia alikuwa ameyaomba. Siku hiyo Rwamba hakubishana na mtu. Alifungua sufuria, akamlisha binti yake maharagwe na mahindi, na Njoka alipokaribishwa akala sahani mbili, akasema maharagwe ya wapi haya, ni matamu.

Wiki mbili baadaye walimsimamisha. Wanja alijishika kitandani, akatazama mlango kama mtu anayetazama ng'ambo ya mto. Rwamba alikuwa nyuma yake. Ndwiga alisimama mlangoni na kofia mkononi, akahesabu kwa sauti, kila hatua kwa namba yake, mpaka msichana akamwangukia kifuani.

Kutoka hapo Ndwiga alikwenda moja kwa moja posta akapiga simu Nairobi. Kirit aliitikia, akamwita mama yake, na ikachukua muda, kwa maana Kashiben naye alikuwa akitembea kwa fimbo.

"Ametembea, Mama!" Ndwiga alipaza sauti, kama watu wote walivyofanya kwenye simu siku zile. "Wanja ametembea."

"Hatua ngapi?"

"Kumi na moja."

"Nani alihesabu?"

"Mimi."

Waya ukavuma.

"Mwambie Mama Wanja ahesabu tena," alisema Kashiben.

Ndwiga alicheka peke yake ndani ya kile kibanda mpaka machozi yakamtiririka, na mtu wa nyuma yake kwenye foleni akamgongea kioo kumwambia dakika zake zimekwisha.